Hambaga ya Maharagi: Mtoto Ashibe, Mfuko Usiishe

 

Siku hizi watoto wetu wanaijua hambaga. Wanaiona kwenye telefone ya kaka yao, wanaiona kwenye mabango ya mikahawa hapa Bukavu, na wanarudi nyumbani na swali moja: "Mama, utatununulia lini?" Mama anahesabu watoto, anahesabu franka, anaona kwamba hambaga za watoto sita zinaweza kumaliza pesa ya chungu cha siku kadhaa. Anajibu, "Kile ni chakula cha watajiri," na mambo yanaishia pale.

Sisi tunasema yasiishie pale. Hambaga ni mkate wenye bulete ndani, pamoja na mboga na kitu cha kulainisha. Hakuna sheria inayosema bulete lazima iwe ya nyama. Kwa maharagi yale yale tunayonunua Kadutu au Nyawera, tunaweza kuitengeneza nyumbani, ikapendeza macho ya mtoto na ikajenga mwili wake. Hilo la pili ndilo linalotuhangaisha zaidi.

MAHARAGI SI CHAKULA CHA HAYA

Sisi tunaofundisha tunaona jambo hili kalasini. Mwalimu akiuliza, "Jana mlikula nini?" aliyekula nyama anainua mkono haraka. Aliyekula maharagi anaangalia chini, au anataja chakula kingine. Ana miaka saba tu, lakini ameshajifunza kuona haya juu ya chungu cha mama yake. Amejifunza wapi? Anasikia watu wakisema maharagi ni "nyama ya maskini". Anaona mgeni akifika, mtu anakimbia kukopa pesa ya nyama ili maharagi yasionekane mezani.

Sasa tufanye hesabu kama kalasini. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa ina karibu gramu 50 za proteini, yaani kile kinachojenga mwili. Nusu kilo ya maharagi makavu ina zaidi ya gramu 100. Mama anayejua bei za soko aweke hizo mbili pembeni, aone ni ipi inayomgharimu zaidi. Halafu tukumbuke namna nyama inavyogawanywa katika nyumba nyingi: kipande kikubwa kwa baba, kingine kwa mgeni, na watoto wadogo wanapata mchuzi. Mchuzi una harufu ya nyama, lakini proteini imebaki kwenye kile kipande. Maharagi yanagawanywa kwa mwiko, na kila sahani inapata.

Proteini ya maharagi ina upungufu wake, na ni vizuri kuujua. Pekee yake haijakamilika kama ile ya nyama, yai au samaki. Lakini kile kinachopungua ndani ya maharagi kinapatikana ndani ya nafaka: ngano, mahindi, mchele, mtama. Na kile kinachopungua ndani ya nafaka kinapatikana ndani ya maharagi. Vikiliwa pamoja vinasaidiana, kama bibi na bwana wanaoelewana. Ndiyo sababu mkate wa ngano wenye bulete ya maharagi ndani ni chakula kizuri sana. Bugali wa muhogo unashibisha tumbo, lakini unga wake una proteini kidogo mno. Mtoto anayekula bugali wa muhogo na majani tu, siku kwa siku, tumbo linajaa na mwili unakosa.

Matokeo yake tunayajua sote hapa Kivu. Tunayaita bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto anakosa furaha hata ya kucheza. Madaktari wanaiita kwashiorkor, neno lililotoka Ghana, katika lugha ya Waga. Daktari Cicely Williams alilisikia kwa wamama wa huko katika miaka ya 1930, akaliandika. Kwa wamama wale lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza wakati mdogo wake anapozaliwa: ameondolewa kwenye ziwa, na sahani anayopewa haina cha kulipa pengo lile. Mji wetu huu ulipigana na bwaki mpaka ikaanzishwa kamati yenye jina hilo, Comité Anti-Bwaki, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo tunapoongea juu ya bulete za maharagi, hatuongei mchezo.

WENGINE WALITUTANGULIA

Mtu asiwadanganye kwamba bulete ya maharagi ni kitu cha kuazima kwa sababu ya shida. Jina la hambaga lilitoka mji wa Hamburg, Ujerumani, na chakula chenyewe kikajulikana duniani kupitia Marekani. Lakini kukaranga maharagi yaliyopondwa ni kazi ya zamani ya wamama wa Afrika. Huko Nigeria na nchi jirani wanaloweka kunde, wanazisaga, wanazikaranga, wanaziita akara. Watu waliochukuliwa utumwani walifika na chakula hicho mpaka Brazili, na hata leo wamama wanakiuza barabarani kwa jina la acarajé. Huko Misri wanaponda maharagi makubwa ya kwao, wanakaranga taamia, wanaiingiza ndani ya mkate. Nani atasema hawa wanakula kwa haya?

VITU VYA KUTAFUTA

Kwa bulete 18 mpaka 20, kila moja kama kiganja cha mtoto:

– maharagi makavu, nusu kilo;
– viazi vya kizungu 3 vya kadiri;
– vitunguu 2, na kitunguu saumu kidogo;
– seleri au majani mengine ya harufu;
– mikate mikavu 2 midogo, ile ya jana au juzi, iliyosagwa kwa mkono (isiwe na ukungu);
– unga wa ngano au wa muhogo, vijiko vikubwa 3 vya kushikanisha;
– chumvi, na pilipili kwa wakubwa;
– mafuta ya kukaranga.

Mayai si lazima. Ukiwa nalo moja, litaongeza nguvu. Ukikosa, usiahirishe.

Kwa aina ya maharagi, chukua yale unayopata kwa bei nzuri. Lakini ukipata maharagi yenye chuma nyingi, yale ambayo kituo cha INERA pale Mulungu kimeyafanyia kazi pamoja na wakulima, chukua hayo. Chuma ndiyo inayotengeneza damu, na mama mwenye mimba na mtoto anayekua ndio wanaoihitaji zaidi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, kuloweka. Chagua maharagi, toa mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale. Maharagi yaliyolala ndani ya maji yanaiva upesi, na mama anayenunua makala kila siku anajua maana ya kupunguza saa moja ya moto.

Pili, kuchemsha. Weka maji mapya, acha yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto mpaka maharagi yalainike kabisa. Wamama, msiruke hatua hii. Maharagi mabichi, zaidi yale mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Moto mkali wa kuchemsha unaiharibu, lakini moto mdogo usiochemsha unaiacha humo. Maharagi ambayo bado ni magumu katikati hayafai kwa bulete. Chumvi iwekwe mwishoni.

Tatu, kukausha. Hapa ndipo bulete nyingi zinaharibikia. Mtu anaponda maharagi pamoja na maji yake, halafu anashangaa bulete zinavunjika ndani ya mafuta. Chuja maharagi vizuri. Mchuzi wake usiumwage, una ladha nzuri, uweke kwa mboga ya jioni. Rudisha maharagi kwenye sufuria juu ya moto mdogo, geuza kwa mwiko kwa dakika 5 mpaka yakauke juu. Viazi navyo, ukishavichemsha na kuvimenya, vipoze bila maji.

Nne, kuponda. Tumia mwiko, kinu au chupa safi. Usiponde yote yakawa kama uji. Acha mengine nusu nzima ili mtoto apate kitu cha kutafuna. Kata vitunguu vidogo vidogo, vikaange katika kijiko kimoja cha mawese mpaka vilainike. Mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Usiyachome mpaka yakawa meupe, kwa sababu hapo vitamini hiyo inapotea.

Tano, kuchanganya. Weka pamoja maharagi, viazi, vitunguu, seleri, mkate uliosagwa na unga. Onja chumvi. Wale waliozoea kutia kube, nusu moja inatosha, maana kube zina chumvi nyingi. Funika, acha mchanganyiko upumzike nusu saa: mkate unanyonya maji yaliyobaki na yote inashikana. Lowesha mikono, tengeneza bulete bapa, zenye unene wa kidole kimoja. Zikiwa nene sana, nje inaungua na ndani inabaki baridi.

Sita, kukaranga. Usijaze mafuta. Vijiko 3 au 4 vinatosha kwenye kikaango. Yapashe mpaka kipande cha mkate ukikitia kinapiga kelele. Anza na bulete moja tu ya kujaribu. Ikivunjika, ongeza kijiko cha unga kwenye mchanganyiko. Ikishika, endelea. Kila upande dakika 4 hivi, na usiigeuze kabla ya wakati: iache itengeneze ngozi ya rangi ya kahawia. Watoto wakae mbali na mbabula.

MKATE

Mkate mdogo wa duara wa kununua unafaa. Lakini ukitengeneza nyumbani, faida inaongezeka. Kwa mikate 10: unga wa ngano nusu kilo, kijiko kidogo 1 cha levire kavu, vijiko vikubwa 2 vya sukari, kijiko kidogo 1 cha chumvi, vijiko vikubwa 2 vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kama glasi moja na nusu. Kanda dakika 10 mpaka unga uwe laini na usigande mkononi. Funika kwa kitambaa, acha saa moja uvimbe. Gawanya mara 10, viringisha, acha nusu saa tena.

Asiye na tanuru asihangaike. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu au vijiwe vitatu chini, ingiza sahani ya bati yenye mikate, funika, weka makala machache ya moto juu ya kifuniko na mengine kidogo chini. Baada ya dakika 20 angalia. Mkate ulioiva ukiugonga chini unatoa sauti kama ya ngoma ndogo.

Mikate 10 na bulete 20, maana yake nusu ya bulete itabaki. Hizo ziliwe na wali, au na bugali wa mahindi na lengalenga. Bulete si lazima iwe ndani ya mkate ndipo ifae.

VYA KUWEKA NDANI

Mayoneze ya dukani ni ya bei, na kopo likishafunguliwa bila friji linaharibika upesi. Tunayo avoka, hapa kwetu miti yake inazaa mpaka matunda yanaanguka. Ponda avoka moja iliyoiva, weka chumvi kidogo na ndimu: unapata kitu laini, chenye mafuta mazuri, ambacho mtoto mdogo anakipenda. Juu yake weka vipande vya nyanya na shu iliyokatwa nyembamba.

Lakini tujihadhari. Kolera iko Kivu, haijatuaga. Nyanya na shu ziosheni kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya maji. Shu ukiimwagia maji yanayochemka kwa muda mfupi halafu ukaichuja, ni salama zaidi na bado inalia mdomoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupanga mkate.

Ndimu na nyanya zina kazi nyingine pia: vitamini C iliyomo inasaidia mwili kuchukua chuma ya maharagi. Chai inafanya kinyume, inaizuia. Kwa hiyo mtoto akila hambaga yake, mpe maji safi au pera. Chai isubiri saa moja hivi.

HESABU YA MAMA

Hatutawaandikia bei, kwa sababu barabara ikifungwa siku mbili bei ya Jumatatu si ya Alhamisi. Tunawapa njia ya kuhesabu. Chukua karatasi. Andika pesa ya maharagi, viazi, vitunguu, mkate mkavu, unga, levire, mafuta, avoka, nyanya, shu. Usisahau makala, wengi wanayasahau, halafu wanadhani wamepata faida. Jumlisha. Ili kupata bei ya hambaga moja, ondoa nusu ya gharama za bulete, maana bulete 10 ni za chakula kingine, halafu gawanya kwa 10. Weka jibu hilo pembeni ya bei ya hambaga ya mkahawani. Mtoto wa kalasi ya nne afanye hesabu hiyo pamoja nawe. Atajifunza kugawanya, na atajifunza kwamba chakula kina mtu anayekihangaikia.

Kwa mwili pia kuna hesabu. Bulete moja ina karibu gramu 6 za proteini. Pamoja na mkate wake, hambaga inafika karibu gramu 10. Kwa mtoto wa miaka mitano, hiyo ni kama nusu ya anayohitaji kwa siku nzima. Maziwa kidogo, sambaza, kunde au maharagi ya jioni yatajaza nusu nyingine.

Tumetaja sambaza kwa makusudi. Kuna vitamini inayoitwa B12, ya damu na ya mishipa ya fahamu, ambayo maharagi hayana. Inatoka kwa samaki, yai, maziwa na nyama. Hatusemi basi nyama iachwe. Tunasema siku nyama inapokosekana, sahani isibaki tupu. Na sambaza chache zilizokaushwa na kusagwa, zikitiwa ndani ya uji au mboga siku nyingine za juma, zinafunga pengo hilo bila gharama kubwa.

KWA VIKUNDI

Wamama wa likelemba, mnaweza kufanya kazi hii pamoja. Sufuria moja kubwa ya maharagi inakula makala machache kuliko sufuria sita ndogo. Siku ya mkutano, kila mmoja alete kitu kimoja: huyu maharagi, yule unga, mwingine avoka. Mkitaka kuuza mbele ya masomo au baada ya mechi ya watoto, angalieni mambo matatu. Bulete zikaangwe siku hiyo hiyo. Avoka ipondwe wakati wa kuuza, maana inageuka nyeusi. Na mumwambie mnunuzi ukweli, kwamba ni maharagi. Anayedanganywa kwamba ni nyama hatarudi. Anayeambiwa ni maharagi na akaona utamu, ataleta mwenzake.

Kwa nyumba isiyo na friji: mchanganyiko mbichi usilale. Kaanga zote siku hiyo. Zilizobaki zipoze, zifunike mahali pa baridi, na asubuhi uzipashe vizuri mpaka ndani. Zisivuke asubuhi hiyo.

NENO LA MWISHO

Mtoto akianza kuvimba miguu, akikonda ghafla, au akikataa chakula kwa siku, msijaribu kumponya kwa hambaga wala kwa chakula kingine cha nyumbani peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwili uliodhoofika sana unalishwa kwa utaratibu wake, na wauguzi wanaujua. Bulete zetu ni za kumlinda mtoto asifike pale.

Na siku ya kuzipika, mwiteni mtoto jikoni. Aponde, aviringishe, apange nyanya yake mwenyewe. Mwalimu akimuuliza kesho alikula nini, aseme bila kuangalia chini: maharagi, na niliyaponda mimi.

Kila kikundi kijaribu juma hili, na karatasi ya hesabu mje nayo kwenye mkutano. Tutazisoma pamoja, tuone nani ametumia kidogo na bulete zake hazikuvunjika.

Mubaki na amani.